Uvimbe juu ya figo: usiuze mbuzi bado

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, yenye uzito wa gramu 4 ao 5 tu. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazolinda tansio ya damu na chumvi ya mwili.

Pengine umekwenda hospitali kwa maumivu ya tumbo. Wamekupitisha katika skaneri, na munganga anasema: "Kuna uvimbe juu ya figo." Moyo unashituka. Jamaa wanaanza kutaja kansere na kuuza mbuzi ili upasuliwe. Ngoja kwanza! Uvimbe unaoonekana hivi, bila kutafutwa, mara nyingi ni adenoma. Adenoma si kansere, wala haisambai mwilini.

Munganga anajuaje? Tezi hii hutengeneza homoni zake kwa kolesteroli, ambayo ni namna ya mafuta. Kwa hiyo adenoma nyingi zimejaa mafuta. Nawe unajua kwamba mawese huelea juu ya maji, kwa kuwa ni mepesi. Skaneri hupima wepesi huo kwa hesabu ya Godfrey Hounsfield, Mwingereza ambaye mashine yake ilipiga picha ya mugonjwa wa kwanza huko London mwaka 1971. Katika hesabu hiyo maji ni 0, na mafuta ni karibu 100 chini ya 0.

Picha ikipigwa bila kutia dawa katika mushipa, na uvimbe ukiwa namna moja pande zote, tena hesabu yake ikiwa 10 ao chini, huo si kansere. Ikizidi 10, usikate tamaa, maana adenoma nyingine zina mafuta kidogo. Lakini lazima uchunguzwe zaidi. Usikubali kuchomwa sindano ya kutoa kipande cha uvimbe, wala kupasuliwa, kabla ya kupimwa damu ao mukojo. Kuna uvimbe mwingine ambao, ukiguswa, hupandisha tansio gafula hata kuua.

Tena picha haionyeshi kama uvimbe unatoa homoni kupita kiasi. Kila mugonjwa apimwe kortisoli. Mwenye tansio ya juu apimwe aldosteroni pia.

Basi, uliza maneno matatu: Uvimbe una ukubwa gani? Hesabu yake ni ngapi? Homoni zangu zimepimwa? Adenoma isiyotoa homoni kupita kiasi, kwa kawaida haihitaji kisu. Nazo picha zako uziweke vizuri nyumbani. Munganga atazihitaji kesho.