Kigari cha Marehemu na Kivuli cha Kiwayu

Kiwayu hakuna gari. Msomaji ambaye hajafika huko na alijue hilo tangu mwanzo, asije akaniandikia barua kuniuliza gari lilivukaje. Kisiwa chenyewe ni chembamba, kimelala kaskazini ya visiwa vya Lamu. Upande wa mashariki bahari kuu inavunja mawimbi, upande wa magharibi maji yametulia kati ya mikoko. Mtu huenda kwa miguu au kwa chombo. Gari pekee nililoliona huko lilikuwa na urefu wa kiganja, limechongwa na mtoto kwa kandambili zilizotupwa pwani na bahari, magurudumu yake ya buluu. Walakini ni huko huko tulikopata dawa ya joto la gari, baada ya mafundi wa Mombasa kushindwa.

Gari lilikuwa la marehemu shemeji yangu. Ni kigari cha Kijapani cha viti viwili, chepesi, kimeinama karibu na ardhi kama mtu anayenyatia ndege, kipaa chake cheusi. Shemeji alikuwa na mapenzi ya magari ya namna hiyo tangu utotoni. Alikuwa bado mtoto wa chuoni, alikitia sikio redioni wakati wa Pasaka, siku ambazo Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikashinda tena mwaka 1973 kwa Shekhar Mehta, yule mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews. Aliapa kwamba Mwenyezi Mungu akimpa umri na riziki, naye atakalia kigari kidogo chenye injini ndefu. Akapewa vyote viwili, riziki ikitangulia na umri ukikatika mapema kuliko tulivyotaraji.

Amezikwa Kiwayu, kwao. Kila mwaka, Shawali ikiingia, dada yangu huenda kumsomea hitima, naye hakubali kwenda kwa basi. Ataka kigari cha mumewe kimfikishe Mokowe, mwanawe akiwa usukani. Mimi hufuata kwa basi nikiwakuta njiani, kwa kuwa viti ni viwili na mie ni mnene.

Mwaka wa kwanza wa safari hiyo jua la mwisho wa Kaskazi lilikuwa halijapoa. Sote tulioko pwani twajua siku hizo: upepo umechoka, Kusi haijaja, na hewa imelowa hata jasho halikauki mwilini. Na jasho lisilokauka halipozi, lateremka tu. Kabla ya kufika Kilifi dada akanyamaza. Mpwa wangu akamwuliza jambo, asijibiwe. Alipomtazama, mama kaegemeza kichwa mlangoni, uso mkavu. Walimtoa, wakamlaza chini ya mwembe, wakamtia maji. Daktari alituambia baadaye kwamba mtu mzima aliye na presha, hasa anayetumia vidonge vya kuuondoa mwili maji, huzidiwa na joto upesi, na kwamba ingalichelewa kidogo maneno yangekuwa mengine.

Tukamshauri kijana auze gari. Dada alikataa kata kata. Alisema, "Nimeshamzika mwenyewe, mwataka nizike na chake?" Hapo tukawa hatuna la kusema. Mafundi wakaitwa. Mmoja alitaka kutia kiyoyozi kikubwa zaidi, jambo ambalo injini ndogo ile isingaliliweza. Wa pili alitaka kubandika vioo karatasi nyeusi. Wa tatu alichukua pesa ya awali na hatujamwona hata leo.

Tulipofika Kiwayu mwaka ule, kwa mashua kutoka Lamu, tukipita Mkanda maji yakiwa yamejaa, tulikuwa bado tunalizungumza. Usiku, barazani kwa mzee mmoja aliyekuwa nahodha zamani, niliyatunga haya nikamsomea, nikidhani nitamchekesha:

Jua limetwaa kiti, ndani ya kigari chetu,
Limetukalia kati, lapika nyama za watu,
Nawauliza kwa dhati, enyi wajuzi wa kwetu,
Joto hili dawa yake, mwaijua ndugu zetu?

Mzee hakucheka. Wala hakunijibu kwa shairi, kama nilivyotumai. Alimgeukia mpwa wangu akamwuliza: "Mwanangu, jiko la chombo chako liko wapi?" (Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili cha gazeti, Kitikuu chake kingetaka ukurasa mzima wa maelezo.)

Kijana hakumfahamu. Mzee akaeleza kwamba kila chombo kina moto wa aina mbili, ule wa jua na ule wa jiko, na ambaye hajui upi unamchoma atahangaika bure kuziba mahali pasipovuja. Katika jahazi jiko ni sanduku lenye mchanga. Mchanga ndio unaozuia moto usifike kwenye ubao. Asubuhi alitupeleka kwenye mashua yenye injini ya dizeli akatuonyesha bomba la moshi. Halikuguswa na ubao hata kidogo. Lilikuwa limezungushiwa bati, na baina ya bati na ubao pana nafasi ya vidole viwili. Bati lenyewe lilikuwa la moto, ubao u baridi. "Huu upepo wa vidole viwili," alisema, "wafanya kazi kuliko mbao nne."

Basi tukaanza kulihesabu gari kama nahodha anavyohesabu chombo. Moto wa jua huingia kwa vioo. Mwangaza wapita kiooni bila ya taabu, wapiga dashibodi nyeusi na viti, navyo vikishika moto hutoa joto lisiloweza kupita kioo kurudi nje. Ni mtego. Ndiyo sababu gari lililoegeshwa juani huwa tanuri katika nusu saa ya kwanza, na kukiacha kioo wazi kwa upana wa kidole hakusaidii kitu cha maana. Mzazi anayemwacha mtoto garini "dakika mbili tu" afikiri mara mbili. Katika kigari cha michezo mambo huzidi: chumba ni kidogo, kioo cha mbele kimelazwa sana, na paa liko karibu na kichwa.

Moto wa jiko nao una njia zake. Egzosi hupita chini ya miguu. Giaboksi iko kati ya viti, na juu yake pana mpira unaouvaa mti wa gia. Mpira huo ukipasuka, hewa yote ya moto ya chini hupanda ndani kama moshi katika dohani. Tena ule ukuta unaotenga injini na watu umetobolewa mashimo ya nyaya na kebo, na raba za mashimo hayo huoza kwa miaka. Hatari yake si joto peke yake. Njia inayopitisha hewa ya moto yaweza kupitisha moshi wa gari, ambao ndani yake mna kaboni monoksaidi, sumu isiyo harufu wala rangi. Dada huenda hakuzidiwa na jua peke yake siku ile. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Kilichonishangaza zaidi kiligunduliwa baadaye, Mombasa. Magari yaliyoundwa kwa nchi za baridi yana hita: maji ya moto ya injini hupitishwa katika redieta ndogo chini ya dashibodi, na koki huyafungua au kuyafunga. Koki ya kigari chetu ilikuwa imeganda ikiwa wazi, waya wake umelegea. Mtu gani Mombasa atagusa kitufe cha hita? Hakuna aliyekigusa, kwa hivyo hakuna aliyejua. Marehemu shemeji alikuwa akiota moto wa Ulaya katika jua la Kisauni miaka yote hiyo, akifuta jasho na kusema gari zuri halikosi joto.

Lakini nisikimbilie Mombasa kabla ya kueleza nyumba ya yule mzee, kwa maana hapo ndipo penye jambo linalowahusu wengi zaidi ya wenye vigari. Ana paa la bati. Nilimwuliza, mtu kama yeye, mjuzi wa upepo, mbona ameacha makuti? Alinijibu kwa neno moja: "Faza." Mwaka 2009 moto uliingia Faza, kisiwani Pate, ukala mamia ya nyumba, maana paa la makuti likishika na upepo uko, cheche huruka kutoka paa hadi paa kabla watu hawajafika kisimani. Waliouona moto ule, au waliosimuliwa na jamaa zao, hawawezi kulaumiwa wakitaka bati. Makuti ni baridi, hakuna abishaye: yamepangwa tabaka kwa tabaka, yana hewa ndani yake, yanapumua. Bati ni jembamba, hushika moto wa jua mara moja likaumimina chini, na likipata kutu huwa baya zaidi kwa sababu rangi nyeusi na ya kahawia hunywa jua. Wako wazee wetu wanaolala nje ya nyumba zao mchana kutwa kwa sababu ya mabati hayo. Watu wanaosema turudi kwenye makuti waseme pia nani atalipa siku ya moto.

Yeye hakurudi, wala hakukubali kuokwa. Amelipaka bati chokaa nyeupe upande wa juu, naye huirudia mvua ikishaiosha. Chini ya bati ametandaza dari, na kati ya dari na bati ameacha nafasi, huku kuta za pembeni zimeachwa wazi kwa juu ili upepo uingie upande huu na kutoka upande ule. Joto la bati huchukuliwa na upepo kabla halijafika darini. Alisema alipokuwa kijana alifika Dubai kwa jahazi akaziona nyumba zenye minara ya kunasa upepo, badgiri, akatambua kwamba watu wa huko nao wameulizana swali lile lile. Nami nikakumbuka majumba ya mawe ya Lamu, kuta zake nene za matumbawe na chokaa, vyumba vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko hazifiki mbali, kiwanda katikati cha kuvuta hewa, na vichochoro ambamo nyumba moja huitilia nyenzake kivuli. Tumeyasifu sana majumba hayo tangu yalipotiwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2001. Sina hakika kama tumeyasoma.

Mpwa wangu aliporudi Mombasa alifanya kazi kwa mpango ule. Kwanza jiko: koki ya hita ikafungwa, mpira wa gia ukabadilishwa, mashimo ya ukuta wa injini yakatiwa raba mpya. Juu ya egzosi, chini ya sakafu, akafungiwa bati linalong'aa lisilogusa bodi, vidole viwili vikiheshimiwa. Ndani, chini ya kapeti, alitandaza vipande vya raba ya kandambili alivyoviokota Kiwayu, kwa kuwa raba ile imejaa vijipovu vya hewa na haipitishi joto upesi. Hapa natoa onyo: raba hiyo hulainika na huungua. Isiwekwe karibu na egzosi wala upande wa injini. Yeye aliiweka mahali pa kukanyaga miguu tu, na baada ya safari ndefu ya majaribio akafunua kapeti kuikagua.

Kisha jua. Kipaa cheusi kilivishwa turubai nyeupe. Na kwa kuegesha, dada mwenyewe alichagua mkeka wa ukindu kutoka Kiwayu, mpana, wa kufunika kioo cha mbele kwa nje. Kwa nje, si kwa ndani. Kinga ya ndani hurudisha sehemu ya mwangaza, lakini jua limeshaingia nyumbani, na mgeni huyo kumtoa ni kazi. Kabla ya kuondoka milango yote miwili hufunguliwa kwa muda, kisha mwendo wa mwanzo huwa na vioo wazi ili hewa ya tanuri itoke, ndipo kiyoyozi kile kile kidogo hupewa kazi inayokiweza. Safari huanza baada ya sala ya alfajiri. Hilo la mwisho halikugharimu hata senti.

Mwaka huu walikwenda tena. Niliwakuta Garsen, pale tunapoacha barabara kuu na kuishika ile ya kilomita zipatazo 135 kwenda Lamu, ambayo sasa ina lami. Dada alikuwa amekaa mbele, kanga mabegani, anakula embe. Nilimwuliza hali. Alisema Alhamdulillahi, isipokuwa kijana huyu anaendesha polepole mno, baba yake hakuwa hivi.

Hitima ilisomwa. Mzee nahodha alikuja, akakaa karibu na kaburi, akamwuliza mpwa wangu habari za jiko, naye akamjibu kwamba limezimwa. Siku ya tatu tulirudi Mokowe kulichukua gari tulikoliacha. Mkeka ulikuwa kiooni mahali pake, isipokuwa pembe moja ilikuwa imeliwa na mbuzi.