Fei Toto na Yanga: je, aliyeondoka lazima akuadhibu?

Tarehe 2 Juni 2024, baraza letu la Wete lilijaa mpaka watu wakakalia ndoo. Fainali ya Kombe la Shirikisho la CRDB ilikuwa inachezwa hapa hapa Zanzibar, Uwanja wa New Amaan, Yanga na Azam. Na ndani ya jezi ya Azam yupo Feisal Salum, Fei Toto, mtoto wa Visiwani aliyejiunga na Yanga 2018, akagombana nayo kuhusu mkataba, kisha akatua Azam katikati ya 2023.

Kahawa haijapoa, ugomvi umeshaanza. Mzee mmoja tunayemwita Ami akasema: "Leo atawafunga tu. Mtu uliyemuudhi hakuachi." Mpwa wake, Yanga damu, akajibu: "Hathubutu, Ami. Akiiona ile jezi miguu itamtetemeka." Maneno yakapanda, likatoka neno "msaliti", na wawili hao wakamaliza wiki nzima hawasalimiani.

Matokeo? Dakika 120, sifuri kwa sifuri. Yanga wakabeba kombe kwa penalti 6-5. Cha kuchekesha ni kwamba kila mmoja aliondoka akisema, "Si nilikwambia!" Ami akadai Fei aliwasumbua sana. Mpwa akadai Fei hakufunga kwa sababu ya woga.

Sasa tuache ushabiki kidogo, tuulize kisayansi: hivi kweli mchezaji wa zamani huiadhibu timu yake?

Tuanze na hesabu. Msimu wa 2023/24 Fei alifunga mabao 19 katika Ligi Kuu yenye mechi 30 kwa kila timu, nyuma ya Aziz Ki wa Yanga aliyefunga 21. Tukigawa 19 kwa 30 tunapata wastani wa bao 0.63 kwa mechi. Kuna kanuni ya uwezekano yenye jina la Mfaransa Siméon Denis Poisson inayotumika kwa matukio yanayotokea mara chache chache, kama mabao. Kwa wastani huo, inatuambia mchezaji wa aina hii ana nafasi ya takriban asilimia 47 ya kufunga angalau bao moja katika mechi yoyote. Hapo hatujaweka kinyongo wala kisasi.

Tukihesabu ligi na Kombe la Shirikisho tu, msimu ule alikutana na Yanga mara tatu: mbili za ligi na ile fainali. Nafasi ya kuwafunga angalau mara moja katika mechi tatu inafika kama asilimia 85. Utasema, "Lakini Yanga si timu ya kufungika kirahisi." Kweli kabisa. Basi tupunguze wastani wake kwa nusu. Bado tunabaki na asilimia 61 hivi. Yaani hata kama Fei angekuwa ameshaisahau Yanga kabisa, tungetegemea awafunge mahali fulani.

Na ndivyo ilivyokuwa. Oktoba 2023 Yanga walishinda 3-2, Aziz Ki akafunga yote matatu, na Fei hakufunga. Machi 2024 Azam walishinda 2-1, Fei akafunga la ushindi. Juni, kwenye fainali, hakuna aliyefunga. Mechi tatu, bao moja. Ukiuliza barazani, ni mechi gani itakayotajwa kwanza? Ya Machi. Ya Oktoba inakumbukwa kama siku ya Aziz Ki, hakuna anayesema "siku ile Fei hakufunga".

Hapo ndipo akili inapotuchezea. Mwaka 1973 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza kwamba watu hukadiria wingi wa jambo kwa wepesi wa kulikumbuka. Bao dhidi ya timu ya zamani lina hadithi, lina picha, mtangazaji analipigia kelele. Mechi ambayo hakuna kilichotokea haina wa kuisimulia.

Dawa yake ni visanduku vinne. Chora mraba, ugawe sehemu nne: mchezaji wa zamani akafunga, mchezaji wa zamani hakufunga, mchezaji mwingine akafunga, mchezaji mwingine hakufunga. Baraza hujaza kisanduku cha kwanza tu. Ukitaka ukweli lazima ujaze vyote vinne, kwa wachezaji wengi na misimu mingi, tena ulinganishe na mechi dhidi ya timu zenye nguvu sawa. Mechi tatu za mtu mmoja hazitoshi kuthibitisha kisasi, wala kukikanusha.

Hii haina maana kwamba hisia hazipo. Tangu utafiti wa Robert Yerkes na John Dodson wa 1908, wanasaikolojia wamejadili jinsi msisimko wa kiasi unavyoweza kumsaidia mtu, na ukizidi ukamharibia. Kwa hiyo Ami anaweza kuwa sahihi, na mpwa naye pia, kwa wachezaji tofauti au hata kwa siku tofauti. Na Fei anajua mabeki wa Yanga wanavyocheza, ila nao wanamjua yeye.

Kosa lao lilikuwa jingine: hawakusema mapema nini kitaonyesha kwamba wamekosea. Dai linaloshinda kwa matokeo yoyote halijapimwa. Tabia hii haiishii kwenye mpira. Anayesifu dawa kwa kuwahesabu waliopona tu, au anayeweka mkeka kwa sababu "ma-ex hufunga", naye amejaza kisanduku kimoja.

Siku hizi barazani kwetu kuna daftari. Kabla ya filimbi kila mtu anaandika: atafunga au hatafunga. Ami na mpwa wake wanasalimiana tena. Mpaka sasa daftari halijampa ushindi yeyote kati yao, na kelele zimepungua kidogo. Kidogo tu.