Huduma Hufungwa, Makubaliano Hubaki

Habari za teknolojia hutufikia kama habari za kampuni: hii imezindua, ile imenunuliwa, nyingine imefunga. Ukizifuata kwa mtindo huo, jambo la msingi linakupita. Vingi tunavyovitumia mtandaoni ni huduma, yaani mali ya kampuni moja inayoiendesha kwenye seva zake na inayoweza kuizima itakapo. Vingine vinasimama juu ya itifaki, yaani makubaliano yaliyoandikwa wazi kuhusu namna kompyuta zinavyopashana habari, ambayo yeyote anaweza kuyafuata bila kuomba ruhusa. Facebook ni huduma. Barua pepe ni itifaki: kanuni zake za kusafirisha ujumbe zilichapishwa mwaka 1982, na vizazi vyake ndivyo vinavyomwezesha leo mwenye anwani ya Gmail kumwandikia mtu wa chuo kinachoendesha seva yake chenyewe. Hoja ya sura hii ni kwamba uzuri wa huduma hautuambii itadumu kwa muda gani. Siku inapozimwa, kinachoamua kama watumiaji watanusurika na vyao ni kuwapo au kutokuwapo kwa makubaliano ya wazi chini yake.

Ushahidi bora unatoka katika kampuni moja. RSS ni mpangilio wa faili ulioanzia Netscape mwaka 1999, ambao tovuti huutumia kutangaza yaliyo mapya ili msomaji ayapate pamoja, bila kuzungukia tovuti moja moja. Mwaka 2005 Google ilitoa programu ya kuyasoma matangazo hayo, Google Reader. Ilikuwa nzuri, tena ya bure, na washindani wengi wakashindwa kufua dafu. Machi 2013 ikatangazwa kwamba itafungwa kwa kuwa matumizi yamepungua, na Julai mwaka huohuo ikafungwa. Wapo waliodhani RSS nayo imezikwa. Kumbe watumiaji waliweza kupakua orodha ya tovuti walizozifuata, wakaipeleka kwenye programu nyingine ya kusomea, kama Feedly, na kuendelea kusoma. Wenye tovuti hawakulazimika kubadili chochote. Sasa tazama Google+, mtandao wa kijamii uliofunguliwa 2011 na kufungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Huko pia watu waliruhusiwa kupakua picha na maandishi yao, lakini miduara ya marafiki na mijadala iliyowaunganisha haikuwa na pa kwenda, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na mlango wa kuipokea. Mwenye mali alikuwa yuleyule, na uamuzi wa kufunga ulikuwa wa aina ileile. Tofauti ilikuwa chini ya sakafu.

RSS hiyohiyo ndiyo inayobeba podikasti. Mtayarishaji huweka faili moja mahali pamoja, na programu za kila namna huichukua. Mwaka 2020 jukwaa la Spotify liliingia mkataba na Joe Rogan, mmoja wa watangazaji wenye wasikilizaji wengi duniani, kwa sharti kwamba kipindi chake kipatikane Spotify tu. Mkataba mpya wa 2024 uliondoa sharti hilo, na kipindi kikarudi kwenye majukwaa mengine. Fedha nyingi zilitosha kumhamisha mtangazaji, lakini hazikutosha kuigeuza podikasti kuwa mali ya jukwaa moja.

Pingamizi zito dhidi ya hoja hii ni la kasi. Makubaliano ya wengi hubadilika polepole, ilhali kampuni moja huamua asubuhi na kutekeleza jioni. WhatsApp ilikamilisha usimbaji wa ujumbe wa watumiaji wake wote Aprili 2016, kiasi kwamba hata yenyewe haiwezi kuusoma. Barua pepe, kongwe kuliko WhatsApp kwa miongo mingi, bado haijafika hapo kwa watu wa kawaida. Ni kweli, na gharama hiyo tusiidharau. Lakini kasi na kufungiana si lazima viende pamoja. Kanuni za usimbaji ambazo WhatsApp inazitumia zimechapishwa, na programu nyingine inazitumia pia. Isitoshe, sheria ya masoko ya kidijitali ya Umoja wa Ulaya, ambayo kampuni kubwa zilianza kubanwa nayo Machi 2024, inaitaka WhatsApp iziruhusu huduma nyingine zinazoomba kuunganishwa nayo huko Ulaya. Kampuni inaweza kutangulia kubuni, na njia ikafunguliwa kwa wengine baadaye.

Pingamizi la pili husema watu hawajali: wanataka kitu rahisi, na mambo ya itifaki ni ya mafundi. Uzoefu wa Tanzania unaonyesha vinginevyo. Kwa miaka kadhaa pesa za simu zilitembea vizuri ndani ya mtandao mmoja tu, na wengi walibeba laini mbili au tatu. Kuanzia 2014 kampuni kadhaa zilikubaliana kuruhusu pesa ziingie moja kwa moja kutoka akaunti ya mtandao mmoja hadi ya mwingine, na Vodacom ikajiunga 2016. Haikuwa itifaki huria; ilikuwa mikataba baina ya kampuni. Lakini waliokuwa wakibeba laini nyingi walikuwa tayari wanalipa gharama ya kufungiwa, hata kama hawakuwa na jina la kuiita. Kutolalamika kwao hakukuwa kuridhika.

Kwa hiyo, unaposoma kwamba programu mpya imezinduliwa au ya zamani inafungwa, acha kwanza sifa zake na faida ya mwenyewe. Uliza mtumiaji akiondoka anaondoka na nini, na kama kuna mwingine awezaye kukipokea kikafanya kazi. Jibu likiwa hapana, hata huduma iliyo bora kuliko zote ifae kwa mazungumzo ya leo; anwani zako, maandishi yako na wasomaji wako viweke mahali ambapo jibu ni ndiyo.