Walimu wetu wa chekechea wajifunza kutumia utafiti



Katika barua mnazotuandikia swali moja limejirudia: kwa nini walimu wa chekechea tunaowasomesha wanatumia muda mwingi kujifunza utafiti, wakati watoto wanamsubiri mwalimu? Mzee mmoja wa kanisa alituuliza waziwazi zaidi: "Mwalimu wa kufundisha a, e, i, o, u anatafiti nini?" Swali ni la haki, kwa sababu fedha za nauli na za kudurufu hojaji zinatoka mifukoni mwenu. Tunajaribu kulijibu.

Tuanze na darasa moja katika usharika wa wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya. Mwalimu wake ni mwanafunzi wetu wa stashahada ya elimu ya awali. Alipotakiwa kufanya utafiti mdogo, alileta kichwa hiki: "Umuhimu wa elimu ya awali katika maendeleo ya taifa." Mkufunzi alimrudishia karatasi na kumwuliza, ukimaliza utakuwa umejua nini ambacho hukukijua jana? Alikasirika kidogo (alitueleza mwenyewe, huku akicheka). Baada ya wiki mbili alirudi na swali dogo kabisa: kwa nini watoto wa darasa langu wanapungua kati ya Februari na Mei?

Kamati ya usharika ilikuwa na jibu tayari. Wazazi hawataki kutoa mchango wa uji, kwa hiyo wanawaficha watoto nyumbani. Tangazo lilikuwa limeshaandikwa, lisomwe Jumapili, kwamba mtoto ambaye mchango wake haujalipwa asipokelewe. Mwalimu akaomba tangazo lisubiri mwezi mmoja. Akachukua daftari la mahudhurio na daftari la michango, akayalinganisha mtoto kwa mtoto. Waliolipiwa walikuwa wakikosekana sawa na wasiolipiwa. Ndipo akachora kwa mkono ramani ya mtaa na kuweka alama ya kila nyumba. Wengi wa watoro walikaa ng'ambo ya kijito, na siku walizokosa zilikuwa siku za mvua kubwa. Alipowatembelea kina mama wa ng'ambo ile, walimweleza kwamba ulalo wa miti umeoza, na asubuhi hakuna mtu mzima wa kumvusha mtoto, kwa kuwa wote wamekwenda kuchuma chai.

Tangazo halikusomwa. Nasi tuliona haya, maana katika taarifa yetu ya mwaka uliotangulia tulikuwa tumeandika kwamba tatizo la usharika ule ni "mwamko mdogo wa wazazi", maneno ambayo yanakaa vizuri katika kila taarifa na hayamgharimu mwandishi kitu.

Mwalimu huyo aliandika mwishoni kwamba matokeo yake ni ya darasa moja, na kwamba chekechea nyingine inaweza kuwa na sababu nyingine. Tunawaomba wanakamati wasiichukue habari hii na kwenda kujenga ulalo kila mahali.

Hiyo ni nusu ya somo. Nusu ya pili, ambayo kwa maoni yetu ni ngumu zaidi, ni kutumia utafiti uliofanywa na wengine. Hapa mfano tunao wa kwetu wenyewe, na si mzuri. Katika andiko moja la kuomba fedha tuliandika kwamba kila dola inayowekwa katika elimu ya awali hurudi mara nyingi. Mwanafunzi wetu mmoja wa Iringa alilisoma andiko hilo akatuuliza hesabu hiyo imetoka wapi. Hatukujua. Tulikuwa tumeinakili kutoka andiko la wengine.

Alikwenda kuitafuta. Chimbuko mojawapo kubwa la hesabu za namna hiyo ni utafiti wa Perry, ulioanza 1962 katika mji wa Ypsilanti, Michigan, nchini Marekani. Ulihusu watoto 123 kutoka familia maskini. Baadhi waliingizwa katika chekechea na wengine hawakuingizwa, kisha wote wakafuatiliwa hadi utu uzima. Ni utafiti wa kuheshimiwa. Lakini mwalimu mmoja alikuwa na watoto kama 6 hivi, na kila wiki walimu waliwatembelea mama na mtoto nyumbani. Sisi tuna mwalimu mmoja kwa watoto hamsini, na wakati mwingine darasa ni sakafu ya kanisa. Hatuwezi kuahidi mavuno ya shamba lililotiwa mbolea hali letu halijatiwa. Sentensi ile tumeiondoa, na wafadhili waliowahi kuisoma tunawaomba radhi.

Je, hakuna utafiti wa karibu? Upo. Chekechea za Madrasa, zilizoanzia Mombasa katika miaka ya 1980 na kuenea hadi Zanzibar na Uganda, zilifanyiwa utafiti na matokeo yake yakachapishwa 2008. Watoto waliosoma chekechea walipiga hatua kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa chekechea za Madrasa, ambazo walimu wake walipewa mafunzo na kutembelewa mara kwa mara, waliwazidi wengine. Jumuiya za Waislamu zimetutangulia katika hili, na tumewaelekeza wanafunzi wetu wasome kazi hiyo kabla ya kuvuka bahari.

Takwimu za serikali nazo zinataka kusomwa kwa makini. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulionyesha kwamba udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano ni asilimia 30 nchini, lakini katika mkoa wa Iringa ni asilimia 57 hivi, juu kuliko mikoa yote. Tena huu ni mkoa unaolisha wengine mahindi. Mwanafunzi wa Iringa alitaka kuandika kwamba asilimia 57 ya darasa lake wamedumaa. Mkufunzi alimzuia. Takwimu ile ni ya mkoa mzima, ya watoto waliopimwa majumbani, wakiwemo wachanga. Kwa darasa lako chukua kipimo cha urefu, tafuta tarehe sahihi za kuzaliwa, upime. Alipoanza, aligundua kwamba tarehe za kuzaliwa za watoto kadhaa katika daftari letu zilikuwa za kubahatisha.

Wazee wa Iringa hawatashangaa, kwa kuwa walipima kabla yetu. Kati ya 1983 na 1988 ulikuwapo mpango wa lishe wa Iringa (wakati huo Njombe ilikuwa bado ndani ya mkoa huo), wa serikali pamoja na UNICEF na WHO, kwa fedha za Italia. Ulianza na vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu kulikuwa na siku ya afya ya kijiji, watoto wakaninginizwa kwenye mizani, na matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe: hali ikoje, sababu ni nini, tufanye nini, kisha kupima tena. Watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka karibu asilimia 56 hadi asilimia 38. Mwanafunzi asiweke hesabu hizo mstari mmoja na zile za 2022, kwani moja ni uzito kwa umri na nyingine ni urefu kwa umri. Bali swali la mezani wakati ule, yaani mtoto analishwa mara ngapi kwa siku na mama anarudi saa ngapi kutoka shambani, linafaa kuulizwa leo katika kila mtaa.

Neno kuhusu ruhusa. Mwanafunzi huenda na barua ya chuo, akapita ofisi za mkoa na wilaya, akafika kwa mtendaji wa kijiji. Inachosha, lakini ruhusa ya ofisi haitoshi. Mzazi lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa, Kinyakyusa au Kihehe ikibidi, na akikataa mtoto wake aendelee kupata uji kama wenzake. Majina ya watoto hayaandikwi. Kwa sababu hiyo baadhi ya marafiki wetu wameona taarifa hazina picha za watoto wenye majina chini yake kama zamani. Hatutazirudisha.

Kwa kamati: tunaomba daftari la mahudhurio lijazwe kila siku, hata siku ya mvua ambapo wamefika watoto watatu, na lisitupwe mwaka ukiisha. Kwa wafadhili: utafiti wa mwanafunzi unahitaji msimu mzima, hivyo msitudai matokeo ndani ya robo moja ya mwaka.

Ulalo wa Rungwe umewekwa miti mipya na wazazi wa pande zote mbili, waliolipa mchango na wasiolipa. Mwalimu anaendelea kujaza daftari, na baada ya mvua za Mei ataturudishia hesabu.