Himbi: Tununue makala pamoja, lakini tusifungie moshi ndani

Mvua ya jioni ikinyesha Himbi, kazi ya mbabula haiishi na bugali. Chakula kikiisha kuiva, makala yanayobaki yanaingizwa chumbani ili watoto wapate joto. Goma iko karibu metre 1500 juu ya bahari, na usiku joto linaweza kushuka hadi karibu digrii 15. Katika nyumba ya mbao, baridi hiyo inapita katikati ya kila ubao. Kwa familia nyingi, pesa ya kupika na pesa ya kuota moto ni pesa moja: ile ya makala.

Na pesa hiyo imekuwa ngumu kupata. Toka Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, benki zilifunga milango na franga zikawa haba. Asiyeweza kulipa gunia ananunua ndoo. Asiyeweza ndoo ananunua kasashe. Hapo ndipo mwenye kidogo analipa zaidi.

Tuchukue mfano. Tuseme gunia moja linatoa ndoo 12, na bei yake ni sawa na bei ya ndoo 9. Familia inayonunua ndoo moja moja itakuwa imelipa ndoo 3 za ziada kabla ya kumaliza kiasi cha gunia. Lakini nyumba tatu za parseli moja zikichanga, kila moja inapata ndoo 4 kwa bei ya ndoo 3. Wenye kuzoea likelemba ao AVEC wanajua kwamba jambo kama hili linasimama kwa uaminifu. Kwa hiyo gunia lifunguliwe mbele ya wote na kupimwa kwa ndoo ileile, sababu juu mara nyingi kuna majani na chini kuna vumbi. Vumbi nalo lisitupwe: likichanganywa na maji na udongo kidogo, likafinyangwa na kukaushwa juani, linawaka polepole na kufaa kwa maharagi.

Moto wenyewe pia unagawanywa. Kuomba moto kwa jirani ni desturi ya zamani: mmoja akimaliza kupika, makala yake mekundu yanawasha mbabula ya mwingine. Maharagi yakilowekwa usiku kucha na sufuria ikifunikwa, yanaiva kwa muda mfupi zaidi. Jiko bora, lenye udongo ndani, likitengenezwa vizuri linaweza kupunguza makala kwa theluthi moja, hata nusu.

Faida haiishii mfukoni. Sehemu kubwa ya makala ya Goma inatoka Masisi na ndani ya Hifadhi ya Virunga, na katika matanuru ya kienyeji kilo 1 ya makala inaweza kumaliza kilo 5 za kuni, hata zaidi. Toka 2007, WWF kupitia mradi wa EcoMakala imesaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya kuchoma makala, ili pori lipumue. Umeme nao upo: kituo cha Matebe, kule Rutshuru, kilizinduliwa mwaka 2015. Lakini nyumba nyingi zinautumia kwa taa na simu, kwani kupikia kunamaliza pesa haraka.

Kuna akiba moja ambayo ni hatari: kufunga mlango na dirisha ili joto la mbabula lisitoke. Watu wa Goma wanajua mazuku, ile hewa ya volkano inayolala mabondeni, upande wa Bulengo na Lac Vert, na kuua mbuzi, wakati mwingine hata watu. Mazuku ni gesi nzito, inakaa chini. Gesi ya mbabula ni nyingine, monoksidi ya kaboni. Yenyewe inachanganyika na hewa ya chumba chote, haina harufu wala rangi. Makala mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanadanganya, sababu mtu anafikiri hatari imekwisha. Ndani ya damu, gesi hiyo inashikamana mahali pa oksijeni kwa nguvu inayopita ya oksijeni mara 200 hivi. Kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu vinafuata, nguvu zinaisha. Aliyelala anaweza asiamke. Ukiona watu wawili ao watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, watoe wote nje mara moja, kisha uwapeleke hospitali.

Kwa nyumba zenye dohani, ao shemine kama wengi wanavyoita, hatari inajificha ndani ya masizi. Yakijaa, moshi na gesi vinarudi chumbani. Yakishika moto, paa linaweza kuungua. Katika mtaa ambamo nyumba za mbao zinakaribiana, moto wa mmoja unakuwa wa wote. Kusafisha si kazi ya pesa nyingi: moto uzimwe na kupoa kabisa, mwenye kusafisha afunge kitambaa mdomoni na puani, brashi ngumu ifungwe kwenye kamba ao mti mrefu na kusugua toka juu hadi chini. Viota vya ndege viondolewe. Hata jikoni pasipo dohani, masizi yaliyoshika mbao na mabati juu ya mbabula yafagiliwe.

Wakati mzuri ni Agosti, kabla mvua za Septemba hazijaanza. Parseli zinaweza kununua brashi moja kwa pamoja na kuitumia kwa zamu, siku ya salongo. Na usiku, watoto waote joto wakati wakubwa wako macho na dirisha liko wazi kidogo. Kabla ya kulala, mbabula itoke nje, hata kama makala bado ni mekundu. Kesho yatawashwa tena.