Kichujio kinacholinda moyo, na vita vya maneno mahakamani

Je, kuna mtu kwenu aliyewekewa pesimeka, kile kifaa cha betri kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua ili kuusaidia moyo kupiga sawasawa? Ikiwa yuko, maisha yake yanategemea kipande kidogo ambacho wengi hawajawahi kukisikia: kichujio cha kelele za umeme.

Nyaya za pesimeka huingia moyoni na kusikiliza mapigo yake, ambayo umeme wake ni hafifu mno. Lakini nyaya hizo hunasa pia mionzi ya mawimbi ya redio, kama yale ya simu ya mkononi. Yakipenya ndani, kifaa chaweza kudhani ni moyo unaopiga, kikanyamaza. Mgonjwa ambaye moyo wake hautegemeki aweza kuzirai.

Ndiyo sababu kapasita huwekwa pale nyaya zinapoingia kwenye kasha la titani. Huyaelekeza mawimbi ya kasi kwenye kasha, na kuyaacha mapigo ya moyo, yaliyo ya polepole, yapite.

Ni nani basi mwenye haki ya kuunda kichujio hicho? Hapo ndipo hataza inapoingia. Hataza humruhusu mvumbuzi kuwazuia wengine kuunda au kuuza uvumbuzi wake kwa muda. Humu nchini, Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 humpa miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi.

Mipaka ya haki hiyo huwekwa na sentensi zinazoitwa madai. Tuseme dai linasema kapasita 'imeshikamana' na kasha. Mshindani akiiunganisha kwa waya mfupi, je, amevuka mpaka? Jibu linategemea maana ya neno moja.

Huko Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1996 kwamba kufasiri madai ni kazi ya jaji. Jaji huuliza mtaalamu wa kazi hiyo angelielewaje neno, kisha husoma maelezo, michoro na barua kati ya mvumbuzi na ofisi ya hataza.

Si mzaha. Mwaka 2013 kampuni ya Greatbatch, iliyoanzishwa na Wilson Greatbatch, mmoja wa wavumbuzi wa pesimeka, iliishtaki kampuni ya AVX jimboni Delaware juu ya vichujio hivi. Mwaka 2016 jopo la raia mahakamani liliamua AVX ilipe dola milioni 37.5. Kiasi hicho kilifutwa, na mwaka 2019 jopo jingine likaamua dola milioni 22.2.

Hata hivyo, hataza si cheti cha usalama. Huonyesha uvumbuzi ni wa nani, wala haisemi kama kifaa kimepimwa. Tena kichujio hiki hakizuii sumaku, na simu nyingi za siku hizi zina sumaku ndani yake. Sumaku kali ikikaribia, pesimeka nyingi huacha kuusikiliza moyo na kupiga kwa kasi isiyobadilika.

Kwa hivyo, mwenye pesimeka aiweke simu angalau sentimita 15 kutoka kifaa chake. Asiitie katika mfuko wa shati, na azungumze kwa sikio la upande wa pili. Kwenye milango ya ukaguzi madukani apite bila kusimama. Kabla ya kupigwa picha kwa mashine ya sumaku au kutibiwa kwa mionzi, amweleze daktari kwanza.