Dirisha lililofichwa hubadilishwaje ukubwa?

Na Mwandishi Wetu

WATUMIAJI wa kompyuta wanaopanga madirisha yao kwa vichupo hukabiliwa na jambo ambalo wengi hawalitambui mpaka wapoteze maandishi: fremu inapopunguzwa, madirisha yaliyofichwa ndani yake nayo hupunguzwa.

Mpangilio huo unapatikana katika programu za kusimamia madirisha kama Ion, iliyotolewa na Tuomo Valkonen wa Finland mwaka 2000, na i3 ya Michael Stapelberg wa Ujerumani, iliyotoka mwaka 2009. Madirisha kadhaa hutumia fremu moja. Moja tu ndilo huonekana, na mengine hubaki majina juu ya fremu, mithili ya majalada kabatini.

Programu hizo zilijengwa juu ya X11, mfumo wa kuonyesha madirisha uliotolewa mwaka 1987. Kwa kanuni za mfumo huo, dirisha lisiloonekana laweza kupewa ukubwa mpya na kuarifiwa, ila haliagizwi kujichora upya hadi litokeze kwenye skrini.

Hivyo msimamizi wa madirisha ana njia mbili. Ya kwanza ni kuyaarifu yote papo hapo. Tuchukue fremu yenye madirisha 10, ambayo mpaka wake umesogezwa kwa hatua 20. Amri 200 zitatumwa, na kati ya hizo 180 ni za madirisha yasiyotazamwa na mtu. Kila programu italazimika kupima upya mistari yake.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye madirisha ya kuandikia amri. Baadhi yake hukata maneno yanayovuka ukingo mpya, na hata dirisha likipanuliwa tena, yaliyokatwa hayarudi.

Njia ya pili ni kusubiri. Dirisha hupewa ukubwa mpya pale tu kichupo chake kinapofunguliwa. Iwapo mpaka ulisogezwa kisha ukarudishwa, dirisha lililofichwa halitajua kamwe, na maandishi yake yatasalimika.

Hata hivyo, kusubiri nako kuna gharama. Dirisha huweza kumeta kidogo linapofunguliwa. Aidha, programu inayoendelea kufanya kazi ikiwa imefichwa hutumia vipimo vya zamani. Taarifa iliyopangwa kwa herufi 120 kila mstari hujikuta kwenye nafasi ya herufi 80.

Ipo pia njia ya kati: dirisha linaloonekana hufuata kila hatua, na yaliyofichwa huarifiwa mara moja tu, kipanya kinapoachiwa. Katika mfano wetu, amri 200 hupungua na kuwa 29.

Hata hivyo, njia hiyo haiokoi maandishi iwapo fremu itaachwa ikiwa nyembamba. Kwa hiyo, mwenye taarifa muhimu kwenye kichupo kilichofichwa hana budi kuihifadhi kwenye faili kabla ya kugusa mpaka wa fremu.